Hoteli kongwe ya Mji Mkongwe: kurejesha, kuchanganya au kubomoa ndani?

Mwenye hoteli ya zamani akiniita nimtazamie kazi, kwanza hunikalisha mapokezi. Viti vimechakaa, zulia limelika kwa miguu ya watu, dari ina madoa ya maji yenye rangi ya chai, na yeye tayari ana picha kwenye simu: taa za shaba, mapazia meupe, sakafu ya miraba nyeusi na nyeupe. Nazitazama, nazisifu, kisha naomba nipelekwe bafuni, kwenye kile chumba cha juu ambacho wageni hulalamika kuwa kina harufu. Nikishauona ukuta ulio nyuma ya bomba na sakafu iliyo chini ya sinki, mapazia tutayazungumza.

Watu wengi huchagua kati ya "ya kale" na "ya kisasa" kama mtu anayechagua kanzu ya Idi. Kwenye nyumba ya mawe, uamuzi wenyewe umejificha chini ya lipu: maji yataingilia wapi na kutokea wapi, na uzito utabebwa na nini. Njia tatu ninazozilinganisha hapa zinatofautiana kwa majibu hayo kwanza. Sura hufuata.

Nimemwandikia mwenye hoteli ya vyumba kama kumi hadi thelathini ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, iwe Shangani, Kiponda, Hurumzi au Malindi. Mwenye nyumba Mji wa Kale Mombasa au Lamu atajikuta humu kwa sehemu kubwa, maana mawe ni yale yale. Hoteli za Nairobi na Dar es Salaam zina mambo yao, na nitazigusia njiani.

Unachokikuta chini ya lipu

Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wake nusu mita au zaidi. Sakafu ya ghorofa ni boriti za mikoko zilizolazwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa iliyopondwa. Wauza miti ya mikoko huigawa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti nyofu haiendi mbali, ni kama mita tatu tu hivi, na ndiyo sababu vyumba vya kale ni vyembamba na virefu. Wengi husema waliojenga walipenda vyumba vya namna hiyo. Huenda, lakini mkoko ndio uliopima.

Ukuta huu huvuta unyevu na kuutoa. Lipu ya chokaa huuacha upite. Ukiupiga saruji, unyevu hubaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, mabaka yanabambuka, fundi anaitwa, naye anapiga saruji nzito zaidi ya ile ya kwanza. Wakati wote huo vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vinaoza bila mtu kujua. Nimewahi kuiona boriti ambayo ukiigonga katikati inalia kama ngoma, na kichwa chake ndani ya ukuta kimekuwa unga. Tulikichota kwa kijiko cha chai. Hoteli hiyo ilikuwa imekarabatiwa miaka sita tu kabla yake, kwa fedha nyingi, na rangi yake bado ilikuwa nzuri.

Jambo jingine la kukumbuka kabla ya kulinganisha chochote: nyumba kongwe huwa hatarini zaidi siku inapoanza kuguswa. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu ya mbele pamoja na mnara wake tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, na watu wawili wakafariki. Ile ni kasri yenye nguzo za chuma, haifanani na nyumba yako. Lakini yeyote atakayekuambia "tunang'oa leo, kesho tutategemeza" mtoe nje ya nyumba yako kwa adabu.

Njia ya kwanza: kurejesha

Hapa unairudisha nyumba kwenye vitu vyake. Saruji yote inabanduliwa, lipu ya chokaa inarudi, boriti mbovu zinabadilishwa moja moja, ngazi za mbao zinafunguliwa na kufungwa tena, zidaka zilizozibwa, vile vishubaka vya ukutani, zinafunuliwa. Vyumba vinabaki na vipimo vyake, hata kama kimoja ni kikubwa kama ukumbi wa harusi na kingine kinatosha kitanda na kasha tu.

Ukitaka kuuona ufundi wa namna hii ulivyo ukifanywa bila haraka, tazama Zahanati ya Kale pale barabara ya Mizingani. Si hoteli, ila ni darasa. Tajiri Tharia Topan aliianzisha mwaka 1887, akafariki kabla haijamalizika, na katika miaka ya 1990 ikarejeshwa na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni. Simama ule ua wake wa ndani, utazame mbao za roshani na vioo vya rangi, halafu jiulize kama fundi wako anaweza kuchonga hata kipande kimoja kilichovunjika. Kwa upande wa hoteli, Emerson Spice imejenga jina kwa kukubali kwamba hakuna chumba kinachofanana na kingine, na mgeni anachagua chumba kwa jina lake. Kile ambacho mhasibu angekiita kasoro kimegeuka kuwa bidhaa.

Faida ya njia hii ni kwamba nyumba inakaa. Chokaa ikipata ufa mdogo huzibika, na ukuta ukilowa masika hukauka mvua zikiisha. Hasara yake ni muda. Chokaa huwa ngumu kwa kuivuta hewa ya ukaa polepole. Tabaka moja jembamba linapigwa, linanyunyiziwa maji, linafunikwa lisichomwe na jua, ndipo linakuja jingine. Fundi wa saruji anamaliza chumba kwa siku mbili. Wa chokaa atakuambia njoo baada ya wiki kadhaa, na akikuambia siku mbili ujue ametia saruji kwenye ndoo ulipogeuka.

Kuna na mgongano wa misimu ambao wengi hawaufikirii. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ndiyo mizuri kwa lipu ya nje: mvua chache, jua si kali mno. Ndiyo hiyo hiyo miezi wageni wanapojaa. Masika, Machi hadi Mei, hoteli ni tupu lakini mvua inasafisha chokaa mbichi ukutani. Suluhisho ninalolijua ni kufanya ndani wakati wa masika na kuuachia uso wa nje msimu mmoja wa hasara. Mwenye deni la benki hawezi, na simlaumu.

Njia ya pili: kuchanganya

Hapa ganda na mifupa ya kale vinabaki, lakini vitu vipya vinaingia vikiwa vipya waziwazi: bafu la kioo na chuma linalosimama peke yake chumbani bila kushikana na ukuta, ngazi ya pili ya chuma, lifti ndani ya nguzo zake yenyewe, jikoni katika jengo jipya uani. Kanuni ni kwamba kipya kiweze kuondolewa siku moja, na ukuta ubaki kama ulivyokuwa.

Mifano miwili ya Shangani inafaa kutazamwa pamoja. Serena Inn iliingia kwenye jengo la zamani la simu za ng'ambo na nyumba ya jirani iliyojulikana kama nyumba ya madaktari wa Kichina. Majengo mawili yenye tabia tofauti, moja la ofisi za Waingereza, jingine la makazi, yakaunganishwa yakawa hoteli moja, na mgeni asiyeijua historia hiyo hawezi kuona yaliposhonwa. Hiyo ni sifa, ingawa kwa ladha yangu mshono ungeweza kuonekana kidogo.

Park Hyatt inakaa ndani ya Mambo Msiige, nyumba ya katikati ya karne ya 19 iliyopita mikononi mwa wamisionari wa Kianglikana kisha ikawa ubalozi mdogo wa Uingereza. Watu wa mjini husema chokaa yake ilichanganywa na mayai. Jina lenyewe ni onyo: msiige. Upande wa kale umekarabatiwa ukawa hoteli, na kando yake likaongezwa jengo jipya ambalo lilizua mjadala mrefu, hata Kamati ya Urithi wa Dunia ikaonyesha wasiwasi wake. Mjadala ule haukuhusu mapambo ya ndani. Ulihusu ukubwa wa kile kilichoongezwa na mahali kilipowekwa. Kwa mwenye hoteli ndogo somo ni hili: katika njia ya pili, ugomvi hautoki kwenye taa za kisasa chumbani, unatoka kwenye kile unachokiongeza juu na kando. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na ghorofa moja ya ziada juu ya paa yako inaonekana kutoka baharini.

Faida ya njia hii ni uhuru. Unapata bafu zuri, umeme salama, chumba cha mtu asiyeweza kupanda ngazi, bila kuiongopea nyumba. Hasara ni kwamba inadai mchoraji mzuri. Kurejesha kunaweza kuongozwa na fundi mzee mwenye mikono. Kuchanganya kunahitaji mtu anayejua kuacha. Mchoraji wa wastani hujaza. Ataweka ukuta wa mawe wazi hapa, taa za bluu pale, dari ya jipsamu yenye mawimbi juu ya boriti za miaka mia na hamsini, na ukimuuliza atakuambia ni mchanganyiko.

Niseme kidogo juu ya hayo mawe wazi, maana yamekuwa fasheni. Mtu anabandua lipu ili matumbawe yaonekane, anapaka vanishi, anapiga picha. Ukuta wa matumbawe haukujengwa uwe uchi. Lipu ni ngozi yake. Ukiuacha wazi, mchanga humwagika kitandani kwa mgeni kila asubuhi, na vanishi inafanya ile ile kazi mbaya ya saruji. Kipande kidogo nyuma ya mapokezi, kuonyesha jinsi nyumba ilivyojengwa, sawa. Chumba kizima, hapana.

Njia ya tatu: kubomoa ndani

Uso wa mtaani unabaki, mlango wa nakshi unabaki, ndani kunang'olewa kote na kuingizwa nguzo na sakafu za zege. Hii ndiyo njia ambayo makandarasi wengi huipendekeza kwanza, kwa sababu ndiyo kazi wanayoijua. Vyumba vinakuwa vipana na vinavyolingana, lifti inapita, mabomba yanapita, sauti ya chumba cha jirani haisikiki, na ratiba inajulikana tangu mwanzo.

Matatizo yake huja baadaye. Zege na matumbawe havipumui pamoja wala havitembei pamoja. Ufa hujitokeza pale vinapokutana, na kwenye ufa ndipo maji huingilia. Nondo karibu na bahari huliwa na chumvi, hasa kokoto au mchanga ukitoka ufukweni bila kuoshwa. Na kibali: Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe itataka kujua kila unachokigusa, kwa hiyo usisaini mkataba wa kubomoa kabla ya kupata jibu lao kwa maandishi.

Hata hivyo sitaki kuidharau. Ipo nyumba ambayo ndani yake kumekwisha kuanguka: paa limekwenda, mti umeota sebuleni, ghorofa zimelala chini. Hapo hakuna cha kurejesha, na kusema "tutarejesha" ni kujenga sanamu ya nyumba. Jenga upya kwa unyofu. Ama kule Dar es Salaam, hoteli ya Kaiserhof iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1906 ikaja kuitwa New Africa. Jengo lile la kale halipo tena, lipo la kisasa lenye jina hilo. Wageni wa mikutano wanalala humo na wanaridhika, kwa sababu walichokuja kukitafuta ni mahali katikati ya mji penye maji ya moto. Swali la kujiuliza ni kama wageni wako ni wale.

Tazama kwa pamoja

| | Kurejesha | Kuchanganya | Kubomoa ndani |
|---|---|---|---|
| Ukuta | Chokaa kote | Chokaa. Kipya hakishikani nao | Uso tu, nyuma yake zege |
| Vyumba | Vinabaki vilivyo | Vinabaki, bafu linaingizwa | Vipya, vinalingana |
| Lifti | Ni shida | Inawezekana uani | Rahisi |
| Kufunga hoteli | Ghorofa kwa ghorofa | Kwa sehemu | Yote, mpaka mwisho |
| Anayehitajika zaidi | Fundi wa chokaa na seremala | Mchoraji anayejua kuacha | Mkandarasi na mhandisi |
| Kosa linaweza kurudishwa? | Mara nyingi | Ukizingatia kanuni | Hapana |

Mstari wa mwisho ndio ninaoutazama kwanza. Lipu mbaya inabanduliwa. Bafu baya linafunguliwa. Boriti zilizokwisha kuuzwa kwa muuza kuni hazirudi.

Bafu ndilo linaloamua

Nimerudi bafuni kwa makusudi. Nyumba hizi zilijengwa zikiwa na choo kimoja au viwili, kwa kawaida kimoja juu ya kingine, pembeni, mbali na vyumba vya kulala. Wewe unataka bafu kila chumba. Vyumba ishirini, mabafu ishirini, juu ya boriti za mikoko. Hakuna jambo jingine katika ukarabati wote litakaloiumiza nyumba kama hili.

Anza na uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, hilo kila mtu analijua, lakini wachache hulipigia hesabu. Bafu la kulala lililojaa lina maji ya kilo 150 hadi 200, hujaongeza bafu lenyewe wala mtu. Mita moja ya ujazo ya zege ni kama kilo 2,400. Kwa hiyo fundi akimwaga sakafu ya sentimita 10 kwenye bafu la mita mbili kwa mbili, ameweka karibu tani moja juu ya boriti zako kabla hajapanga marumaru. Na tanki la lita 5,000 juu ya paa ni tani tano, mahali ambapo zamani palikuwa na mtu mmoja anayeanika nguo. Tanki kubwa liweke chini uani, au chini ya ardhi. Juu lipandishwe dogo la kugawa maji.

Sasa linganisha. Anayerejesha kwa ukali atasema mabafu yakae kwenye mnara ule ule wa choo cha kale, na vyumba visivyoufikia vishirikiane. Ni sahihi kwa nyumba, ni taabu kwa biashara. Mgeni anayelipa bei ya Shangani hatavuka ukumbi na taulo begani. Anayebomoa hana shida, anapanga mabafu kama maboksi. Wa katikati anajenga bafu jepesi: fremu ya chuma kisichoshika kutu au mbao, sakafu yake imeinuliwa hatua moja juu ya ile ya kale, trei nzima ya kuzuia maji chini yake, mabomba yanatembea katika nafasi hiyo iliyoinuliwa mpaka kwenye njia moja ya wima inayoweza kufunguliwa. Bomba lisichimbiwe kamwe ndani ya ukuta wa matumbawe. Likivuja nje utaona tone; likivuja ndani utaona baada ya mwaka, kwenye dari ya chumba cha chini, na wakati huo vichwa vya boriti vimekwisha kunywa.

Ile hatua moja ya kupanda kuingia bafuni, wamiliki wengi wanaichukia. Wanaiona kama kosa la fundi. Mimi naipenda kuliko taa zote za shaba, kwa sababu inamwambia mgeni kwamba hapa kuna sakafu ya zamani iliyoachwa salama. Ifanyie ukingo wa mbao ya mninga, weka taa ndogo chini yake asijikwae, yatosha. Mgeni wa kiti cha magurudumu mtengenezee chumba cha chini, kwenye sakafu iliyolala ardhini.

Bafu la kulala lenyewe, kama ni lazima uwe nalo kwa ajili ya picha, liweke chumba kimoja cha chini au mahali mhandisi alipopima. Vyumba vingine viwe vya kuoga kwa kusimama. Hakuna aliyewahi kurudisha pesa ya mgeni kwa sababu hiyo.

Upepo na kiyoyozi

Dari ya mita nne, dirisha refu lenye mbao za kuinua, mlango unaotazamana na dirisha: hiyo ndiyo mashine ya kupoza ya nyumba hizi, na inafanya kazi mpaka mtu apasue chumba kirefu kuwa viwili kwa jipsamu. Chumba cha nyuma kinakosa upepo, kinadai kiyoyozi, na kiyoyozi kinadai dirisha lifungwe.

Sisemi usiweke. Kaskazi ya Februari usiku haina mzaha, na mgeni wa Ulaya halali. Weka, lakini feni iwe ya kwanza na kiyoyozi kiwe cha pili, na mashine za nje zote ziende paani nyuma ya ukingo au uani, si kwenye uso wa nyumba. Angalia yale maji yanayodondoka: kila mashine ina mpira wake mwembamba, na nimeona mpira huo umeachwa unalowesha ukuta mmoja, mahali pale pale, mchana na usiku. Tena mbao. Kitanda cha samadari, kile cha kale cha nakshi, kilichozoea hewa ya bahari, ukikiweka kwenye chumba cha nyuzi 18 mwaka mzima, vioo vya rangi vinalegea na mbao inapasuka. Ama chumba chenye vitu vya kale kipoe kwa upepo, ama vitu vya kale vikae ukumbini.

Mlango, samani na yasiyo na bei

Hapa nitapita haraka. Mlango wa nakshi usipake rangi ya mafuta. Usafishe kwa brashi, uupake mafuta ya mbao, misumari yake ya shaba iache ipate rangi yake. Usiuhamishe ndani uwe pambo la baa. Mfaa wake, ile mbao ya katikati yenye nakshi, ndiyo hulegea kwanza, kwa hiyo mwite seremala aukaze kabla wageni hawajaanza kuupiga picha. Samani za kuiga zilizotengenezwa na mafundi wa hapa ni bora kuliko za kale za kweli zilizonunuliwa kutoka nyumba iliyovunjwa mtaa wa pili; ukinunua hizo unalipia ubomoaji wa jirani yako. Zidaka zitumie kwa taa na vitabu, na runinga itafutie ukuta mwingine.

Waya za umeme zitembee nje ya ukuta ndani ya mabomba ya chuma yaliyonyooshwa vizuri. Wengine huona aibu. Ngazi zako ni za mbao, sakafu yako ni miti, na moto hauoni aibu. Njia ya pili ya kutokea haina mjadala katika njia yoyote kati ya hizi tatu.

Kuna urithi mwingine ambao hauna lipu. Nairobi, hoteli ya Stanley ilikuwa na mti wa mgunga uani ambapo wasafiri walibandika barua za kuachiana: nimekwenda kaskazini, nifuate, gari lina nafasi moja. Mti uliopo sasa si ule wa kwanza. Desturi ndiyo iliyoipa mahali pale jina, na mkahawa wake unaitwa Thorn Tree hadi leo. Hoteli yako nayo ina kitu cha namna hiyo, na kwa kawaida hakimo kwenye mchoro wa mkandarasi. Pengine ni baraza ya nje ambayo wazee wa mtaa hukaa baada ya alasiri. Mara mbili nimeona baraza imewekewa maua yenye miiba ili watu wasikae, "kwa usalama wa wageni". Wageni wale walikuwa wamevuka bahari kuja kuwaona watu wamekaa barazani.

Ipi kwako

Kama nyumba ni yako, haina deni kubwa, vyumba havizidi kumi na tano na boriti nyingi ni nzima, rejesha, na uuze vyumba kwa kutofautiana kwake. Kama una mkopo, vyumba zaidi ya ishirini na wageni wanaotaka bafu lao, changanya. Hii ndiyo ninayoishauri mara nyingi, kwa sharti kwamba ukuta na sakafu vifuate kanuni za njia ya kwanza bila huruma. Kama ndani kumeanguka, jenga upya, na usiweke mihimili ya bandia darini kumdanganya mtu. Kama ndani bado kumesimama na unachotaka ni vyumba vinavyolingana na ukumbi wa mikutano, kodisha nyumba hiyo kwa mwingine, utafute kiwanja nje ya Mji Mkongwe. Nimemwambia hivyo mtu mmoja wa karibu nami. Alinuna miezi miwili, kisha akanunua kiwanja.

Na ikiwa bado mnabishana na shemeji yako kuhusu rangi ya mapazia, basi wakati huo huo agiza chokaa. Izimwe kwa maji, ichujwe, ikae shimoni imefunikwa. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika, na fundi mzuri hataigusa kabla ya majuma kadhaa. Shimo likichimbwa leo, mapazia yatakuwa yamepata rangi kabla chokaa haijawa tayari.